Grisi ya Saa Nne

Kyimo, S.L.P. Tukuyu
16 Februari 1997

Mwanangu Meshaki,

Ugonile. Huku kwetu tu wazima, mvua haijatuacha hata siku moja, na nguo za kanisani tunazivaa mbichi. Mama yako magoti yanamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atapalilia migomba, mimi au wewe? Ng'ombe mweusi amezaa jike. Mwanao Ambwene anakua na analia kwa sauti kubwa, kwa hiyo mapafu hayana shida. Masikio amechukua yako, pole yake. Hujamwona bado. Krismasi ulisema masomo. Pasaka utasema nini? Niambie mapema nimwandae mama yako.

Sasa habari yenyewe. Kiwanda kimeuzwa. Serikali imetoka, kampuni imeingia, na bango la getini limepakwa rangi mpya. Walitupanga uwanjani, wakasoma majina, ambaye hakusikia lake akaenda kwake. Mimi nimebaki kwenye kazi yangu ya mikanda na grisi. Mkeo naye wamembakiza chumba cha chekeche, wanakochambua majani makavu, chai kubwa huku na vumbi kule. Tumshukuru Mungu, maana tangu uende kusoma nyumba hii inasimama kwa mikono ya mkeo na yangu, na yangu imezeeka.

Lakini meneja mpya, Bwana Fred, ametoka kwenye mashamba ya kaskazini na hajui tunavyoishi. La kwanza, amefuta mapumziko ya wanaonyonyesha. Zamani saa nne mama yako alikuwa anampeleka mtoto getini, mkeo anatoka, ananyonyesha, anarudi. Sasa hakuna kutoka mpaka saa nane. Mama yako anasimama getini na mtoto analia, Hashimu mlinzi anamwonea huruma, basi, anarudi naye nyumbani kama alivyokwenda. Tumejaribu uji, anautema. Juzi muuguzi wa zahanati amempima na hakufurahi.

La pili, amesema fundi aingie kila chumba wakati wowote. Mimi! Tangu niajiriwe siingii chumba cha chekeche wanawake wakiwemo. Naingia Jumamosi mchana mashine zimesimama, napaka grisi yangu, natoka. Mle ndani yumo mkeo, wamo na wake wa wana wa ndugu zangu, na wake wa wana wa wenzangu niliokua nao. Wote ni wakwe zangu. Mkwe hanitazami, hapiti mbele yangu, jina langu halitamki. Nikitokea huku, yeye anatokea kule. Huyu mtu anataka tugongane mabega kama sokoni?

Nimemwambia sawa bwana, na sijaingia.

Ni mimi baba yako,
Ambilikile


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
20 Machi 1997

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanimaliza, nalala na shuka lililoloweshwa maji. Mpe mama pole ya magoti. Nimecheka habari ya masikio, halafu nikasoma habari ya muuguzi na kicheko kikaisha.

Nimemwandikia Elina kwamba kama ni hivyo aache kazi. Hajanijibu. Wewe unaonaje? Najua nyumba inasimama kwa mikono ya nani, na najua hilo nalisema nikiwa mbali.

Mwalimu wetu ametupa kazi ndefu kuhusu viwanda vya Marekani karne iliyopita, na nikisoma naona kama nasoma habari za kiwanda chenu cha huko bondeni. Walikuwepo matajiri waliojenga viwanda vya nguo kando ya mito, maji yanazungusha mitambo. Wakawachukua mabinti wa wakulima, watu wa mashambani kama sisi, wakawaweka kwenye mabweni ya kampuni. Kengele inawaamsha, kengele inawaingiza, kengele inawatoa. Binti aliyezoea kwenda na jua sasa anakwenda na kengele. Waliposikia ujira unapunguzwa, wakaacha mashine, wakatoka kwa mamia wakaandamana mjini. Mara ya kwanza walishindwa. Baadaye wakawa wanaomba saa za kazi zipunguzwe, wakakusanya sahihi za maelfu, wakapeleka bungeni kwao.

Baba, nawe nenda kwa meneja umweleze kwa upole. Mwambie mtoto ni wa mwanao. Na hiyo desturi yenu ya kukimbiana, samahani Baba, lakini nusu ya wazee wa kanisa wameshaiacha. Mkwe wa Mzee Asajile anamwandalia chai mkononi kabisa, nimeona kwa macho yangu.

Pasaka sitaweza. Maktaba itakuwa na nafasi watu wakiondoka.

Wako mtiifu,
Meshaki


Kyimo
27 Aprili 1997

Mwanangu,

Barua yako imefika imelowa, nikaianika juu ya meko kama samaki. Mama yako amesema hizo maktaba za Pasaka hazimdanganyi, lakini anakusalimu. Mahindi ya bondeni yamelala kwa upepo. Ndama amepona kuhara.

Asajile na afanye ya Asajile. Amezeeka akiwa hajui aibu, na chai ya mkwe wake nimeambiwa haina sukari.

Kwa meneja nilikwenda. Nilivua kofia, nikaongea vizuri. Akanisikiliza, si mtu wa matusi. Akasema, mzee, mashine hainyonyeshi. Nikirudisha mapumziko kwa mmoja watataka wote, na mzigo wa kwenda nje ya nchi unasubiri. Nikasema asante, nikavaa kofia.

Mkeo hataki kuacha kazi. Mama yako alimuuliza, akasema akiacha leo kesho watu mia wako getini wanaitaka. Amesema kweli.

Nikueleze lililotokea kazini, ucheke kidogo. Chekeche la tatu lilianza kulia. Unajua mashine ikikosa grisi inalia. Nikasema, meneja si amesema fundi aingie wakati wowote? Nikachukua kopo langu, nikaingia. Ilikuwa kama saa nne. Mwanangu, sijafika hata katikati! Wa kwanza aliyeniona akajifunika khanga, akatoka kwa mlango wa nyuma. Na wa pili. Na wa tatu. Hata wale ambao si wakwe zangu wakaona aibu kubaki, nao wakatoka. Nikabaki mimi na chai inamwagika sakafuni kama mchanga. Prisca msimamizi, ambaye naye ameolewa na mwana wa binamu yangu, alizima mitambo, akanipita ameinamisha kichwa.

Mimi nilipaka grisi yangu bila haraka. Kazi ya grisi haitaki haraka. Nilipomaliza nikatoka, nao wakarudi.

Mama yako alikuwa getini na mtoto kama kawaida yake, bado hajakata tamaa ya kwenda. Mlango ule wa nyuma unatokea karibu na geti. Akarudi nyumbani anaimba.

Chekeche lile ni bovu sana. Nimeona ni heri niwe naingia kila siku, saa ileile, nisije nikasahau.

Baba yako,
Ambilikile


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
11 Mei 1997

Shikamoo Baba!

Baba! Mmegoma!

Samahani, nimeanza bila kuuliza hali. Hamjambo? Mama hajambo? Mtoto anashiba sasa? Nimesoma barua yako mara tatu, ya mwisho kwa sauti mbele ya wenzangu chumbani, na mmoja wao amesema baba yako angezaliwa Chicago wangempa ukatibu wa chama cha wafanyakazi.

Huko Chicago, Baba, na miji mingine ya Marekani, mwaka 1886 wafanyakazi kwa maelfu waliweka zana chini siku moja, wakitaka saa nane za kazi. Saa nane tu! Wewe umetumia kopo la grisi.

Lakini niulize kitu na usinikasirikie. Barua ya Februari uliniandikia kwamba chekeche unalipaka Jumamosi. Miaka yote Jumamosi. Leo linataka kila siku, na linataka saa nne? Mashine gani hiyo inayojua saa?

Nauliza kwa sababu naogopa pia. Ninayoyasoma si ya furaha yote. Kulikuwa na tajiri mmoja aliyetengeneza mabehewa ya treni. Alijenga mji mzima wa wafanyakazi wake, nyumba zake, duka lake, mpaka kanisa lilikuwa lake. Biashara ilipodorora akapunguza ujira, kodi ya nyumba asiipunguze. Walipogoma wakaletewa askari, waliokuwa mbele wakafungwa, wengi hawakurudishwa kazini. Ukiwa mbele, Baba, ndiwe unayeonekana. Wewe ni mzee wa kanisa na umebakiza kidogo ustaafu kwa heshima. Nani amekutuma? Ni akina mama? Ni Elina?

Nijibu hilo moja tu.

Meshaki


Kyimo
8 Juni 1997

Meshaki,

Hatujambo. Baridi imeanza, ukungu unashinda mpaka mchana.

Hatukugoma. Neno hilo usiliandike tena kwenye karatasi inayopita posta. Mgomo ni watu kukaa na kupatana. Mimi sikukaa na mtu. Mkeo hajawahi kusema nami neno tangu aje kwangu kutoka Nkunga, miaka sita sasa, atanituma vipi? Wanawake wameheshimu baba mkwe, kama mama zao walivyofanya. Mimi nimepaka grisi. Ni hayo tu.

Mtoto amenenepa.

Jumatatu nimeitwa ofisini.

Baba yako


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
2 Julai 1997

Shikamoo Baba,

Nimesubiri barua yako mpaka nimeona aibu kumuuliza yule wa posta. Jana amekuja Ackson, mtoto wa jirani yetu, ameleta mahindi na parachichi za mama. Asanteni sana. Lakini ameleta na habari ambayo wewe hukuniandikia.

Amesema wamekuachisha kazi. Amesema barua ya kampuni inakuita kiongozi wa mgomo, ikabandikwa ubaoni watu wote waione, na kwamba Jumapili uliacha kukaa mbele pamoja na wazee wenzako ukakaa nyuma karibu na mlango. Baba, nililia mbele ya Ackson. Mimi niliyekuchekesha kwa habari za Chicago!

Sikiliza. Hili linarekebishika. Nimekaa nimemwandikia Bwana Fred barua ndefu kwa Kiingereza safi. Nimemweleza kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hakai mbele ya baba mkwe, na hata ndugu na rika la mzee wanahesabiwa hivyo hivyo, ndiyo maana wanawake walitoka. Kwamba hakukuwa na mgomo wala kiongozi, ni desturi tu ambayo mgeni asingeweza kuijua. Nimeonyesha na vitabu vya wataalamu, vimo humu maktaba. Mtu yeyote mwenye akili akiisoma atakurudisha kazini na kukuomba radhi. Atakachofanya ni kukuhamisha chumba, basi, na jina lako linakuwa safi.

Iko mezani, bahasha nimeshaandika. Niambie tu neno moja niitume. Najua wewe hukujitetea, Ackson amesema ulinyamaza kama jiwe. Kwa nini, Baba? Uliwahi kunichapa kwa kunyamaza nilipoulizwa.

Nakuja Septemba. Safari hii kweli.

Mwanao,
Meshaki


Kyimo
10 Agosti 1997

Mwanangu Meshaki,

Kabla ya salamu: ichane hiyo barua. Ichane sasa hivi, halafu endelea kusoma.

Umeshachana? Haya. Ugonile. Huku baridi inauma, nimevaa koti lako la siku zile za ualimu, kabla hujaenda chuo, linanibana kwapani. Mama yako magoti yamekuwa mabaya, hashuki tena bondeni. Ndizi zipo. Parachichi ulizokula zilikuwa za mti wa nyuma ya choo, Ackson asikwambie vinginevyo.

Nikueleze ya ofisini, maana unayo haki. Bwana Fred aliwaita wanawake mmoja mmoja. Alitaka waandike ni nani aliyekuwa akiwatoa. Aliyajua mwenyewe, lakini makao makuu walitaka maneno ya mashahidi. Mimi nilikaa kwenye benchi nje, nimegeukia ukuta ili wapite. Aliwauliza, nani aliingia? Wa kwanza akasema, yule mkubwa. Mkubwa gani? Yule wa grisi. Jina lake? Kimya. Akaja wa pili, yaleyale. Mkeo alipoingia nilisikia Bwana Fred anapiga meza, mama, ukilitaja jina hili unarudi kazini sasa hivi, usipolitaja sijui. Mkeo akasema, bwana, hilo siwezi. Wote, Meshaki, kuanzia wasichana walioolewa juzi mpaka Prisca mwenyewe! Hakuna aliyenitaja. Na wangenitajaje? Ulimi wa mkwe haubebi jina la baba mkwe wake, na wale wachache wasio wakwe zangu wakawafuata wenzao.

Yule mtu aliogopa. Nilimwona alipotoka, jasho limemjaa na baridi ile. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuona chama kilichoshikamana namna hiyo, hana msaliti hata mmoja. Akapiga simu huko wanakopiga. Kesho yake wakaja na uamuzi. Wanaonyonyesha watatoka saa nne, kwa maandishi, mwaka mzima. Na kiongozi aondoke.

Kisha akaniita ndani. Akaniuliza, mzee, una la kusema? Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo lote hilo uliloliandika wewe kwa Kiingereza safi, lilinijaa mdomoni. Ningesema, bwana, mimi si mgomaji, hii ni heshima ya kwetu tu. Angecheka, angenipa mkono, angenihamishia kwenye tanuru au kwenye malori. Na mapumziko? Angeyarudisha kwa nini? Amewapa kwa sababu anadhani ni mgomo. Akijua ni baba mkwe tu, dawa yake ni kumhamisha baba mkwe. Nilikaa nikamtazama, nikafunga mdomo. Wanawake pia wamelijua hilo. Prisca alitaka kwenda kumweleza kwa ajili yangu, wenzake wakamzuia mlangoni, na walifanya vizuri.

Iliniuma. Sitakuficha. Kuitwa kiongozi wa fujo ubaoni, uzeeni, mimi niliyebariki mitambo ile siku inafunguliwa! Kukaa nyuma kanisani hakuna aliyeniambia, nilikwenda mwenyewe, kwa hasira. Juzi mchungaji alikuja kunichukua akaniongoza mbele kwa mkono. Asajile akasogea kunipa nafasi, nikamwambia asante bila kumtazama.

Kuhusu swali lako la Mei, mashine gani inajua saa. Umesoma sana, jibu mwenyewe.

Sasa nampeleka mtoto mimi, kwa ajili ya magoti ya mama yako. Namfunga mgongoni kwa khanga, watoto wa njiani wananicheka, na mimi nawacheka. Nikifika namkabidhi Hashimu, nakwenda kusimama ng'ambo ya barabara kwenye shamba la chai, mkeo anatoka, ananyonyesha, Hashimu ananirudishia. Tumezoea hivyo.

Jumatano Hashimu hakuwepo. Alikuwa mazikoni kwa ndugu zake mjini Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, na aliyeshika geti ni mgeni, yuko na malori, hata hakunisikia. Saa nne imelia. Ambwene naye ameshaanza. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, nyayo zinakuja, halafu zinasimama. Ameniona. Mimi nisogee wapi, mtoto ninaye mgongoni? Nimweke chini kwenye tope? Yeye akirudi ndani, mtoto hajanyonya, na haya yote tumeyafanyia nini?

Nikageukia barabara. Nikafungua khanga, nikamwinua mtoto juu ya bega langu, nikamsogeza nyuma kadiri mkono wangu ulivyoweza. Nikakaa hivyo. Bega langu bovu unalijua, lakini sikumshusha. Halafu nikahisi amepokelewa.

Nikadhani ameshakwenda. Nikasikia nyuma yangu, karibu kabisa: "Ndaga, taata." Amenishukuru, na ameniita baba.

Sauti yake, Meshaki, ni nzito. Naisikia kila siku ng'ambo ya ukuta inaita kuku, inagombana na mbuzi, na siku zote nilidhani ni nyembamba. Haijawahi kuja kwangu.

Sikugeuka. Wala kule kwenye chai sikwenda. Nilisimama palepale nimempa mgongo, mpaka mtoto akashiba.

Baba yako,
Ambilikile